Mfenesi unaangusha vitunda vyeusi. Na mbegu zake: kuotesha na kula

ShambaHindi
Asalaam aleikum wenye mashamba. Nina maswali matatu, yote ya mfenesi.

La kwanza. Mti uko Hindi, Lamu bara, uliota kwa mbegu na sasa una miaka mitano. Tangu kaskazi ianze unatoa vitunda vyembamba vya urefu wa kidole. Vinapata unga wa njano, kisha vinageuka vyeusi vyenye manyoya ya ukungu, vinaanguka. Hapana hata kimoja kilichofika ukubwa wa ngumi. Jirani mmoja asema ni ugonjwa, nipulizie dawa kila wiki. Mwengine asema mti ni dume, niukate nipande mwengine. Wa tatu asema nitwae panga niuchanje shina, utaogopa uzae.

La pili. Mbegu za fenesi zilizoanikwa juani zikakauka vizuri, zikahifadhiwa, mbona hazioti hata moja?

La tatu. Mbegu hizo hizo zinaliwa, lakini kila nyumba ina lake. Zichemshwe muda gani, zimenywe kabla au baada, na kwa nini watu wengine zinawajaza tumbo?

Udongo ni mchanga, na kisima kina chumvi kidogo.

MicheGede
Waleikum salaam. Weka chini dawa, shoka na panga.

Hivyo vyeusi ni maua ya kiume. Mfenesi mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike kwenye mti ule ule, kwa hiyo hakuna mfenesi dume wala mfenesi jike. Ua la kiume likishamwaga unga wake kazi yake imekwisha. Linalainika, linashikwa na ukungu wa Rhizopus, jamii ile ile ya ukungu wa mkate uliochacha, linadondoka. Ndivyo lilivyoumbwa. Ukipulizia dawa utakuwa unatibu maiti.

Namna ya kuyatofautisha ukiwa chini ya mti:

La kiume lina kikonyo chembamba, ngozi yake karibu laini, na hutoka hata kwenye vijiti vya pembeni, karibu na majani. Likikomaa ukiligusa linaacha vumbi la njano kidoleni. La kike hutoka kwenye shina lenyewe au kwenye matawi manene, kikonyo chake ni kinene, kina kola ya kijani inayoonekana wazi pale kinapokutana na tunda, na ngozi yake imejaa chembechembe za kukwaruza tangu likiwa dogo. Hizo chembechembe ndizo zitakazokuwa miiba ya fenesi.

Mti wa mbegu ukiwa mchanga huanza na maua ya kiume matupu. Ya kike yanaweza kuchelewa msimu mmoja au zaidi. Mfenesi wa mbegu huanza kuzaa kati ya miaka mitatu na minane. Kwenye mchanga wa pwani, wenye kiangazi kirefu, usishangae ukiwa upande wa minane. Wa miaka mitano unaotoa maua ya kiume hauna deni lolote. Angalia shina kuanzia usawa wa magoti hadi kwenye panda ya kwanza: ukiona vichipukizi vifupi vinene vikitokeza kwenye gome, hapo ndipo ya kike yatakapokaa. Wengi huvikwangua wakidhani ni uchafu wa mti. Viache.

Sasa, ukungu huo una ubaya wake mara moja tu, nao ni pale unapohamia kwenye tunda changa la kike wakati wa masika, hewa ikiwa imetulia na matunda yamebanana. Dalili yake ni doa laini la kahawia linaloanzia ubavuni au kwenye kikonyo, kisha manyoya ya kijivu, kisha tunda zima linakuwa jeusi na gumu. Hapo fanya haya: okota maua yote yaliyoanguka na yaliyonasa kwenye matawi uyafukie mbali, kata vijiti vya ndani vinavyoziba hewa, na kikonyo kimoja kikibeba matunda mawili au matatu, bakisha moja lililonyooka. Matunda yakigusana maji hukaa katikati yao na uozo huanzia papo hapo.

Tunda likikua limepinda, upande mmoja umejaa na mwengine umebonyea, si ugonjwa. Upande uliobonyea haukupata unga wa kiume. Fenesi moja ni mamia ya maua yaliyoshikana, na kila kipande cha njano chenye mbegu ndani ni ua moja lililopata unga. Yale makamba yanayozunguka vipande ni maua yaliyokosa. Ndiyo maana kukata maua ya kiume ili "kusafisha mti" ni kujinyima.

Mvinje
Nakubali yote ya juu. Naongeza juu ya panga tu, maana ushauri huu umeenea kutoka Malindi mpaka Mpeketoni.

Mti uliojeruhiwa wakati mwengine huchanua, hilo ni kweli, na ndilo linalowapa watu imani. Lakini mfenesi una utomvu mwingi na gome laini. Jeraha linaloingia mpaka kwenye mbao huoza, mchwa huingia, na mahali penyewe ulipochanja ndipo tunda lingebebwa. Mtu anapata mafenesi mawili mwaka huu, na baada ya hapo shina lina pango. Ukitaka kuuhimiza mti, punguza matawi ya chini yasiyopata jua, weka mbolea ya zizi iliyooza debe mbili chini ya ncha za matawi (si shinani) masika yanapoanza, na uache.

MicheGede
Swali la pili. Mbegu ya fenesi si mahindi wala kunde. Ina maji mengi ndani na haijui kulala, ikikauka inakufa. Kuianika juani ndiko kunakoiua. Mbegu iliyotoka leo kwenye tunda lililoiva ina nguvu, baada ya wiki mbili zimepungua, na ukipita mwezi usiitegemee.

Chagua mbegu kubwa, nzito, kutoka kwenye fenesi lililoiva vizuri mtini au lililoivia ndani. Ondoa ule utando unaoteleza, osha mpaka mikono isiteleze tena, kwa sababu sukari iliyobaki huita sisimizi na ukungu. Loweka kwenye maji baridi siku nzima; zinazoelea zitupe. Usimenye ganda jeupe. Zikitoka majini zipande siku hiyo hiyo, uzilaze ubavu, kina cha sentimita 2 hadi 3. Zitachipua kati ya wiki tatu na nane, na kulowekwa kunaharakisha. Kama huna nafasi ya kupanda leo, zifukie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, ndani ya chungu. Unyevu kidogo maana yake ukifinya mchanga kiganjani unashikana lakini hautoi tone.

Kubwa kuliko yote ni mzizi. Mfenesi hushusha mzizi mmoja mrefu haraka sana, kabla hata majani hayajawa mengi. Ukitumia kopo fupi, mzizi unafika chini, unajikunja, na mti utakaoupanda utakuwa na fundo chini ya ardhi. Unakua vizuri miaka miwili mitatu, kisha unasimama, au kusi inaulaza. Tumia kiriba kirefu cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu chini. Mche uliooteshwa kwenye tuta uhamishwe ukiwa haujapita majani manne. Wa kiriba kirefu unaweza kungoja zaidi, ila ukiona mzizi umetokeza chini usingoje tena. Ukihamisha, pasua kiriba kwa wembe, usivute mche kwa shingo.

Nafuu zaidi ni kuipanda mbegu pale pale mti utakapokaa: mbegu tatu kwenye shimo moja, baadaye unabakisha mche ulio bora. Linda na mbuzi. Majani ya mfenesi mbuzi huyapenda kupita kiasi, na Lamu ongeza punda.

Jua pia kwamba mbegu haifuati mama. Fenesi lenye nyama ngumu inayokatika mdomoni linaweza kukuzalia mti wa mafenesi laini ya kuteleza. Ukitaka kile kile ulichokula, nunua mche uliounganishwa, na uulize kijiti cha kuunganishia kilikatwa kwenye mti gani. Huo huzaa mapema, miaka miwili hadi minne, na hauwi mrefu sana.

Kasimile
Wanaume mmemaliza mti, sasa tuingie jikoni.

Mbegu ya fenesi hailiwi mbichi. Ndani yake mna vitu vinavyozuia tumbo kusaga chakula, na moto ndio unaoviondoa. Anayejaa tumbo mara nyingi amekula zilizoiva nusu, au amekula bakuli zima kwa mkupuo mmoja. Zina wanga mwingi na zinashibisha. Mbegu kumi na tano kwa mtu mzima zinatosha.

Kwanza kupasua fenesi, maana hapa ndipo nguo zinapoharibika. Paka kisu na mikono mafuta ya nazi kabla ya kugusa tunda. Tandika gazeti. Kata kwa urefu, halafu utomvu mweupe unaotoka kwenye moyo wa katikati ufute kwa gazeti kavu mara moja, usiumwagie maji. Maji yanaufanya ulimbo. Kata moyo wote utoe, vipande vitaachia vyenyewe. Ukimaliza, kisu na mikono vipakwe mafuta tena, futa, ndipo sabuni ifuate. Nguo iliyoshika ulimbo nayo huanza na mafuta, si sabuni.

Mbegu ina maganda mawili. La nje ni jeupe, gumu kama plastiki, haliliwi. La ndani ni jembamba la kahawia, hilo lina ladha na halina madhara, liache. Usihangaike kulimenya ganda jeupe mbegu ikiwa mbichi, limeng'ang'ana. Osha mbegu, weka kwenye sufuria, maji yazifunike vidole viwili juu, chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, chemsha dakika 25 hadi 30. Jaribu kwa ncha ya kisu: ikiingia bila kusukumwa mpaka katikati, tayari. Mwaga maji. Zikipoa kidogo ganda jeupe linakatika lenyewe ukilibonyeza. Zikipoa kabisa linashika tena, kwa hiyo menya zikiwa vuguvugu.

Kuchoma: chanja kila mbegu kidogo ubavuni. Isipochanjwa inapasuka na kukurukia usoni. Kwenye chungu chenye mchanga mkavu wa moto, ukikoroga, inachukua kama robo saa hadi dakika 20. Kwenye makaa wazi zinaungua nje zikabaki mbichi ndani, sipendekezi.

Mbegu za nazi, kwa watu wanne: nusu kilo ya mbegu zilizochemshwa na kumenywa, kila moja ikatwe mara mbili. Nazi moja kubwa ikunwe, utoe kasimile (tui zito la kwanza) kikombe kimoja, kisha tui la pili vikombe viwili. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo kilainike bila kuwa chekundu, tia thomu (kitunguu saumu) punje tatu zilizopondwa, nyanya mbili, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili mbichi moja nzima. Nyanya zikivunjika tia mbegu na tui la pili, acha zitokote dakika kumi bila kufunika. Kasimile itiwe mwisho, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja. Ikichemka kwa nguvu inakatika, mafuta yanapanda juu na mchuzi unakuwa wa chembe. Ipua mara tu inapoanza kufuka, kamulia ndimu nusu. Wali mweupe au mkate wa mofa, vyote vinakwenda.

Mboga ya fenesi changa ni jambo jingine. Hilo hukatwa kabla mbegu hazijakaza, kisu kikipita mbegu na nyama bila tofauti. Menya ngozi ya miiba, kata vipande, chemsha na chumvi na ndimu mpaka uweze kuyachana makamba kwa uma, ndipo ulitie kwenye tui. Lenye mbegu zilizokwisha kuwa ngumu usilipike hivyo, ngozi za mbegu zitakwama kooni.

Kusaga unga inawezekana: chemsha, menya, kata slesi nyembamba, anika mpaka zivunjike zikilia, saga. Hewa ya pwani ina unyevu, slesi nene zinaota ukungu kabla hazijakauka. Unga huu haushiki kama wa ngano, usizidishe robo kwenye mandazi au hayatafura.

Mwenye mzio wa mpira, ule wa glavu, awe mwangalifu na utomvu na tunda lenyewe.

ShambaHindi
Nimeelewa, shukrani sana Bi Kasimile na nyote. Nimeutazama mti: vyeusi vyote viko kwenye vijiti vyembamba. Shinani kuna vichipukizi vifupi vitatu. Nauliza sasa maji, maana hakuna aliyegusa kisima. Na fenesi likikubali, nitajuaje limekomaa? Huku watu hukata mapema kwa kuogopa kima.

Mvinje
Maji ndiyo yatakayokuamulia.

Mfenesi ni mti wa msitu wa mvua, asili yake ni milima ya Ghats, magharibi mwa India. Unapenda mvua ya milimita 1,000 mpaka 2,400 kwa mwaka, iliyogawanyika. Lamu kwa kawaida haifiki hapo, na iliyopo sehemu kubwa huanguka Aprili hadi Juni. Januari mpaka Machi mti uko kwenye kiu, na ndio wakati huo huo unapochanua kwako. Tunda linachukua miezi mitano hadi sita tangu ua mpaka kukomaa. Mti ukiwa na kiu kali unayaangusha ya kike yakiwa madogo, na hapo utasema tena ni ugonjwa.

Kwa mti wa umri huo kwenye mchanga: kati ya mwisho wa vuli na masika, debe nne au tano kwa wiki, zigawanywe mara mbili, zimwagwe kwenye mduara chini ya ncha za matawi. Mche wa mwaka wa kwanza debe moja, mara mbili kwa wiki. Funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyokatwa, unene wa shubiri moja, ukiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina, la sivyo unawakaribisha mchwa kwenye gome. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa chini ya mchanga, mbali kidogo na shina, yanashika maji vizuri sana kwenye udongo kama wa Hindi.

Chumvi: mfenesi hauivumilii kama mnazi. Onja maji ya kisima. Kama chai yake ina ladha ya chumvi, usiyategemee kwa mfenesi mchanga. Dalili ni ukingo wa jani kuungua, kahawia, kuanzia ncha na kurudi ndani, majani ya chini kwanza. Ukilazimika kuyatumia, mwagilia kwa wingi na kwa nafasi badala ya kidogo kila siku. Maji machache ya kila siku yanakauka juu na kuacha chumvi kwenye mizizi. Mengi yanaisukuma chini. Usirushe kwenye majani. Na vuna maji ya paa wakati wa mvua, hata tangi dogo litavusha miche mpaka masika.

Upande wa pili, usiuache mti usimame majini. Mfenesi ukizungukwa na maji yaliyotuama siku kadhaa mizizi inakosa hewa, majani yananyauka huku udongo umelowa, na mtu anazidisha maji akidhani ni kiu. Kwenye mabonde ya udongo mweusi upande wa Mpeketoni na Witu panda juu ya tuta la nusu mita.

MicheGede
Kukomaa kwake usiangalie kitu kimoja. Miiba inatandaa na kuwa butu, nafasi kati yake inapanuka. Rangi inatoka kijani kibichi kuelekea kijani cha njano au kahawia. Jani lililo karibu zaidi na kikonyo cha tunda linageuka njano. Ukiligonga kwa kiganja linatoa sauti nzito ya uwazi. Changa linalia kavu na kali. Mbili au tatu kati ya hizo zikikutana, kata. Harufu ukiisubiri mtini, kima ameshaisikia kabla yako.

Kata ukiacha kikonyo cha shubiri moja, ulishushe kwa kamba na gunia, lisianguke. Lililopondeka linaoza pale lilipogonga. Litundike au liinamishe kikonyo chini mpaka utomvu uache kudondoka, kisha liweke kivulini. Litaiva ndani ya siku tatu hadi kumi. Lililokatwa changa kwa hofu ya kima halitaiva, litalainika tu likiwa halina sukari.

Dhidi ya kima na nzi wa matunda, livishe gunia la katani likiwa na ukubwa wa nazi, lifungwe kwenye kikonyo kwa ulegevu, mdomo wa chini uwe wazi kidogo maji yatoke. Gunia la nailoni lisilopitisha hewa linatengeneza uozo ule ule tuliousema. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, wakiwa mtini usiwaue, wanafukuza wadudu wengi wanaofyonza. Ila ukiwaona wanapanda na kushuka kwenye kikonyo kimoja tu, funua gunia utazame, huenda wanachunga vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye unga mweupe. Hivyo vioshe kwa maji ya sabuni ya kipande, asubuhi, na usugue kwa kitambaa pale kikonyo kinapoingia kwenye tunda, ndipo vinapojificha.